Mpishi wa Kambi Asiye na Mwajiri

Katandala, Sumbawanga
Jumapili, baada ya misa

Kwa Dada Adventina,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo Dada. Mpe na Mama shikamoo yake kabla hujaendelea, halafu mwambie barua ni ndefu na utamsimulia baadaye. Usimsomee yote. Nikifika mahali anapoweza kusikia nitakwambia.

Kifua chake kinaendeleaje? Jeneroza wangu aliniambia kwenye simu kwamba bibi amepona, na wakati huohuo nikamsikia Mama anakohoa nyuma yake. Huyo mtoto amejifunza kunificha mambo, sijui kamrithi nani. Na wewe mgongo? Kahawa mmeshaanika au wezi wameichuma tena ikiwa mbichi?

Mimi nipo na ninatembea. Magongo nimeyaacha. Baridi ya huku miezi hii ni ya kukata, upepo unatoka mbali na hauna cha kuuzuia, na ukishika kovu unaingia mpaka kwenye mfupa. Navaa soksi mbili mguu wa kulia, wa kushoto moja.

Juzi uliniuliza kwenye simu, "Kesi umeshinda, fidia umelipwa, sasa unangoja nini huko?" Nikanyamaza, ukadhani salio limekwisha. Halikuwa limekwisha, Dada. Nilikuwa nimesimama kwenye duka la watu, simu iko kwenye chaji, na maneno yale hayasemeki mbele ya watu wanaonunua sabuni. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Barua inakuja na mgeni wa jirani yangu anayerudi Bukoba, atakupigia akifika.

Nianze mwanzo, kwa sababu vipande nilivyokuwa nakupa kwenye simu najua umeviunga vibaya.

Unamkumbuka Method, yule stoo kipa wa kampuni ya barabara. Walipomaliza kazi huko kwetu Muleba, ni yeye aliyekuja nyumbani, akavua kofia, akakaa kwenye mkeka wa Mama. "Mama, tunamwomba binti yako. Wanaume wamezoea mkono wake, hawataki mpishi mwingine." Mama akamkaangia senene, akala, akasifu. Wakanipakia kwenye lori lao pamoja na masufuria, tukalala njiani, mpaka tukafika huku kwenye kambi mpya karibu na Mpui. Sikuja kutafuta kazi Ufipa. Nililetwa na kazi.

Kambi iko wazi, mashamba ya mahindi na ulezi yanafika mpaka kwenye uzio. Asubuhi Method alikuwa anaita majina: madereva, vibarua, mafundi, halafu wapishi. Nikiitwa naitika. Jioni nikitoka, mlinzi ananipekua getini. Mlinzi ni Mzee Kasiano, Mfipa wa hapohapo Mpui, mtu mzima wa umri wa marehemu Baba. Alikuwa anaingiza mkono kwenye kikapu changu huku anaangalia pembeni, anasema, "Niwie radhi mama, nimeagizwa." Hakuwahi kukuta hata kitunguu. Mimi nilikuwa nachukia ule mkono, sikufichi. Mtu umepika tangu alfajiri, unarudi umechoka, halafu unapekuliwa kama kuku wa kuibwa.

Jiko la chuma nililokuwa napikia mguu wake mmoja ulikuwa umepasuka kwenye maungio. Nikamwambia Method. Akasema fundi wa kuchomelea ana kazi za magari, wiki ijayo. Nikaomba gambuti, maana jikoni sakafu inateleza nami nilikuwa navaa ndala. Akacheka. "Gambuti ni za watu wa saiti, mama. Wewe unapigana vita gani?"

Siku ile maharage yalikuwa yanatokota, nimeinama nayakoroga. Mguu wa jiko ukakatika. Sufuria likaniinamia, yote yakanimwagikia kuanzia goti mpaka vidoleni. Maharage si maji, Dada. Maji yanakuunguza yanaondoka. Maharage yanaganda, yanabaki pale yanaendelea kukupika. Nilipovua ndala ngozi ilikuja nayo.

Waliokuja mbio ni wale waliokuwa karibu. Festo, dereva wa greda, ndiye aliyeninyanyua. Alinishika mkono ndani ya pikapu njia nzima mpaka mjini, ananiambia, "Vumilia dada yangu, tunafika." Hilo alilifanya na silifuti.

Hospitali mimi sikuweza kusema, meno yalikuwa yanagongana. Method ndiye aliyejibu. Muuguzi kauliza, "Ameunguaje?" Method akasema, "Ni mama lishe, ameungua kwake." Nililisikia lile neno, nikadhani amechanganyikiwa kwa haraka kama sisi wote. Kumbe yeye peke yake ndiye aliyekuwa na akili zake timamu saa ile.

Wakanitoa ngozi pajani wakaipandikiza mguuni. Vidole viwili havikupona, vikakatwa. Method alikuja mara moja na juisi na maandazi, akasimama mlangoni, akaondoka. Nikamtuma mtu anisaidie kuuliza mshahara wangu. Jibu likarudi kwamba jikoni kuna mtu mwingine.

Ni muuguzi mmoja wa wodini, dada wa makamo, aliyenifungua macho. Alikuwa anabadilisha bandeji, akaniuliza kwa nini naita "kazini" wakati faili linasema nyumbani. Nikamweleza. Akaacha bandeji mikononi. "Wewe umeumia kazini, una haki ya fidia. Nenda kwa afisa kazi. Usikae kimya, muda unapita."

Nikaenda, juu ya bodaboda, magongo nimeyalaza mapajani. Afisa kazi ni binti mdogo kwangu, mpole lakini hana maneno mengi. Akaniambia mwajiri ndiye anayetakiwa kutoa taarifa ya ajali kwenye mfuko wa fidia. Akampigia meneja wa kambi palepale. Nikaisikia sauti ya meneja, haikuwa na hasira wala wasiwasi. "Huyo si mfanyakazi wetu. Ni mama lishe, tulimpa nafasi ya kupikia tu." Afisa akaweka simu chini.

"Una mkataba wa maandishi?"

"Sina. Tulikuwa tunalipwa mkononi."

"Basi nahitaji watu waliokuona ukifanya kazi."

Dada, nilicheka. Siku ile nilicheka kweli. Nikamwambia, "Watu? Kambi nzima imekula kwa mkono wangu!"

Nikaenda kambini jioni wakati wanatoka. Nilikaa kwenye jiwe nje ya geti kwa sababu ya mguu, na wao walikuwa wanapita. Walinisalimia vizuri, wakanipa pole, wengine wakaniuliza habari za ngozi. Nikiwaambia neno ushahidi, macho yanahama. Mmoja simu yake ikaita bila kuita. Mwingine akasema yeye ni mgeni pale, na huyo nilikuwa namjua tangu Muleba. Vijana wa mjini walikuwa wananiita "mshikaji wetu wa jikoni", wakasema, "Mama, mambo yatakuwa poa tu," wakapanda pikipiki.

Festo alikuja akachuchumaa karibu yangu. Akasema taratibu, "Dada, mkataba wangu unaisha, wanatafuta sababu tu. Nina watoto."

"Na mimi nina mtoto, Festo."

"Najua."

"Nilikuwa nakuwekea ukoko wa wali kila siku, nawaficha wenzako."

Akainamisha kichwa. "Najua, Dada. Usinifanye nijisikie vibaya."

Hilo ndilo lililokuwa linamsumbua, asijisikie vibaya. Nikarudi mjini. Usiku ule sikulia, hasira ilikuwa imezidi kilio.

Afisa kazi akatuita sote ofisini. Kampuni ilimtuma bwana wa utumishi kutoka Dar, mtu wa suti, ananukia vizuri, ananiita "mama yetu". Method alikaa kando yake na kofia magotini. Yule bwana akasema kampuni inanionea huruma sana, lakini mimi ni mfanyabiashara mdogomdogo, kama wale wauza vitumbua wa getini. Afisa akauliza nilifikaje Mpui kutoka Kagera na masufuria ya kampuni.

Method akajibu bila kutikisika, "Tulimpa lifti."

Lifti, Dada. Nchi nzima tumeivuka, usiku na mchana, kwa lifti.

Wakamwita Festo, kwa vile ndiye aliyenileta hospitali. Akasema, "Mimi naendesha greda. Mambo ya jikoni siyajui, wala makubaliano yake siyajui." Akaulizwa kama nilikuwa napika pale kila siku. Akasema, "Chakula kilikuwepo." Kama vile kilikuwa kinashuka na mvua. Hakunitazama hata mara moja.

Nikajua imekwisha. Nilikuwa naokota magongo yangu wakati mlango ulipobishwa, akaingia Mzee Kasiano na sare yake ya ulinzi, viatu vina vumbi. Mimi sikumwita. Kwa kweli siku ile getini sikumwomba hata yeye, kwa sababu ya ule mkono wake. Alikuwa amesikia vibarua wakizungumza, akapanda gari asubuhi.

Yule bwana wa suti akamuuliza, "Mzee, nani kakutuma?"

"Sijatumwa. Nimekuja kwa nauli yangu."

Akamgeukia afisa, akasema kwa Kiswahili chake cha polepole kinachotembea na Kifipa ndani yake. "Mama afisa, mimi si mjuzi wa mambo haya. Nimeajiriwa kukaa getini. Niliambiwa niwapekue wafanyakazi wakitoka. Wauza vitumbua nisiwapekue, wale ni watu wa nje. Huyu nilikuwa nampekua kila jioni. Method ndiye aliyeniagiza."

Afisa akamtazama Method. "Ni kweli?"

"Ni utaratibu wa kawaida wa usalama," Method akasema.

"Kwa nani?"

Method akazungusha kofia yake. Yule bwana wa Dar akaanza kusema kwamba mzee huyu ana umri, kumbukumbu zake, na kadhalika. Afisa akaendelea kuandika. Mzee Kasiano alibaki amesimama, hakuna aliyempa kiti.

Basi, hapa mwite Mama umsomee. Mama, shikamoo. Nimeshinda. Kampuni imelazimishwa kutoa taarifa ya ajali, madaktari wameupima mguu wangu, na faili limeandikwa upya kwamba nimeumia kazini. Mfuko wa fidia umelipa. Ada ya Jeneroza ipo, na bati za jikoni kwako zipo. Natembea vizuri, nakula vizuri, Wafipa wamenifundisha kula ugali wa ulezi na samaki wa Kipili, migebuka, nimenenepa. Umeomba rozari kwa ajili yangu na imefika. Sasa nenda ukapumzike Mama.

Dada, hapo mwache aende. Yaliyobaki ni yako.

Hazikupita wiki mbili baada ya fidia kukubaliwa, nikasikia Mzee Kasiano amefukuzwa. Sababu waliyompa ni kwamba alikutwa amelala zamu, na kwamba ni tabia yake ya miaka yote. Mtu ambaye wamemwachia geti lao tangu kambi inajengwa.

Nikanunua sukari na kitenge, nikaenda Mpui. Nyumba yake iko juu kidogo ya barabara, ua umefagiliwa. Nilimkuta mkewe, Mama Skola, anapepeta ulezi. Nikabisha hodi, nikatoa shikamoo. Akaitikia, akanionyesha kigoda, akaendelea kupepeta. Ungo ulikuwa unakwenda juu na chini, mimi nimekaa na kitenge changu mapajani kama mwanafunzi aliyechelewa.

Baada ya muda akasema, "Wewe ndiye mpishi."

"Ndiye mimi, mama."

"Mguu wako wamelipa?"

"Wamelipa."

"Vizuri." Akapuliza makapi. "Wangu yuko shambani analima vibarua kwa jirani, na mgongo ule. Skola yuko chuo cha ualimu, mwaka wa mwisho. Nilimwambia usiende. Nilimwambia yule mama ni wa kupita, ana kwao, atalipwa atapanda basi ataondoka. Wewe utabaki na geti la nani?"

Hakuna alilokosea hata moja. Hata tiketi ya basi nilikuwa nimeshaiulizia bei.

Mzee Kasiano akaja na jembe begani. Alipotuona tulivyokaa akasema neno kwa Kifipa, kali. Mkewe naye akamjibu kwa Kifipa, kali zaidi, akachukua ungo akaingia ndani. Lugha siijui, lakini lile jibu nililielewa lote.

Mzee akakaa chini. Nikamwambia nimekuja kumshukuru na kumwomba radhi.

"Radhi ya nini? Hukunituma."

"Umepoteza kazi kwa ajili yangu."

Akakuna udongo kwenye kiganja. "Mama, mimi kila jioni natia mkono kwenye kikapu cha mtu mzima. Sikuipenda kazi ile. Nikasikia wanasema huyu hana kazi pale. Nikajiuliza, kama hana kazi pale, mimi nilikuwa nampekua kwa haki gani? Nilikuwa namfanyia nini mke wa watu? Hilo ndilo lililonipeleka."

Nikamwambia nichukue sehemu ya fidia nimwachie. Akakataa kwa mkono kabla sijamaliza. "Hela ya mguu wa mtu siiwezi." Mkewe alikuwa anatusikia kutoka ndani, na nina hakika yeye angeipokea, na angefanya vizuri kuipokea. Nikaiacha sukari na kitenge juu ya kigoda. Mpaka nafika barabarani hakuna aliyetoka kuvichukua.

Dada, niliwahi kuwachukia Method na yule bwana wa Dar, na chuki ile ilikuwa nyepesi, nilikuwa naibeba bila taabu. Hii nyingine ni nzito. Kampuni imeshindwa, imelipa, haikuhisi kitu, na hasira yake yote imeimalizia kwa mzee mmoja wa geti. Festo bado anaendesha greda. Mkataba wake wameuongeza. Nilimwona hapa Katandala wiki iliyopita ananunua nyama, akavuka barabara upande wa pili. Nilitaka kumwita jina lake kwa sauti mbele ya watu. Nikaliacha jina lake mdomoni likaniunguza mwenyewe.

Nikarudi kwa yule binti afisa kazi. Nikamwambia habari za Mzee. Akasema mtu akifukuzwa isivyo halali anaweza kulalamika, shauri linasikilizwa, lakini asichelewe. Akaniuliza, "Ana mtu wa kusema kwamba hakuwa mlalaji?"

Wote wawili tulikuwa tunajua wale wanaume watasema nini. Watasema zamu yao ilikuwa mchana.

Nikamwambia, "Yupo. Mimi nilikuwa nafika kuwasha moto kabla ya mtu yeyote, giza bado. Sikuwahi kubisha geti lile mara mbili. Mzee alikuwa anakuja kunifungulia na tochi mkononi, anakohoa kwa baridi, macho makavu."

"Watasema unamlipa fadhila."

"Waseme."

"Na watasema wewe hukuwa mfanyakazi pale, umejuaje habari za zamu."

Halafu yeye mwenyewe akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu nimjue. Maana hilo hawawezi kulisema tena. Wameshaandikwa na serikali kwamba nilikuwa mpishi wao.

Ilibidi niende Mpui mara tatu kumshawishi Mzee. Hakutaka, alisema amechoka na watu wa suti. Aliyemshawishi si mimi, ni mkewe. Alitoka ndani akasema kwa Kiswahili, makusudi nami nisikie, "Nenda. Safari ya kwanza ulikwenda kwa ajili yake. Hii nenda kwa ajili yangu." Akanigeukia: "Na wewe usipande basi." Hakuniita mama wala hakuniita jina. Lakini maji ya kunywa alinipa.

Kwa hiyo nimebaki, Dada. Krismasi hii siji. Shauri linasikilizwa mwezi wa kwanza Mungu akijalia, na kama wataliahirisha, nitangoja tena. Method atakaa upande ule na kofia yake, nami nitakaa upande huu na mguu wangu. Sijui kama Mzee atarudishiwa geti. Afisa haniahidi kitu, na mimi nimeacha kuamini kwamba mtu akisema kweli mambo yanakuwa sawa. Nimeona mwenyewe yanavyokuwa. Ninachojua ni kwamba nikiondoka, chumba kile cha shauri kitakuwa na watu wote isipokuwa mtu wa kumsemea.

Chumba nimelipia. Asubuhi nauza chai na chapati hapa mtaani, na sasa kweli mimi ni mama lishe, kampuni ifurahi.

Nisalimie Jeneroza, umwambie ripoti ya shule aipige picha anitumie, asinisimulie kwa mdomo. Nisalimie Kaka Respisius mwalimu, na shangazi Koku wa dawa za kienyeji, mwambie majani yake niliyaweka na hayakudhuru. Yule jirani aliyemwambia Mama kwamba nimelipwa utajiri, msalimie pia, na umwambie kama anautaka tubadilishane miguu.

Mama akiuliza nakuja lini, usimtajie mwezi. Mwambie kuna mzee wa watu huku amefukuzwa kazi kwa sababu ya binti yake Verdiana. Atakasirika kwanza, atasema niachane nayo, atasema mengi. Mwache amalize. Halafu atauliza kama huyo mzee ana watoto.

Ni mimi mdogo wako,

Verdiana